Je, lami ya barabara ndiyo inayokula fedha za watoto tunaotaka kuwaasili?

SWALI: Mimi na mke wangu tunaishi katika jimbo la Ohio, Marekani, tangu tulipohamishiwa huku kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Tunawalea watoto wawili, kaka na dada, wa miaka saba na minne, kwa utaratibu wa malezi ya kambo, yaani kuwatunza kwa muda watoto ambao serikali imewaondoa kwa wazazi wao. Mahakama imekwisha kuondoa haki za wazazi waliowazaa, na sasa tunajiandaa kuwaasili. Mfanyakazi wa kaunti ametutajia msaada wa kila mwezi ambao ni mdogo kuliko tunaopata hivi sasa, akasema bajeti imebana. Wakati huohuo barabara ya mtaani kwetu inafumuliwa, wanatandaza mabomba na kuchimba mitaro mipya, na kodi ya majengo tunayoilipia serikali kwa nyumba yetu imepanda. Jirani anatuambia kwamba fedha za watoto ndizo zinazomwagwa kwenye lami. Je, ni kweli? Na tukishawaasili, kaunti inaweza kutukatia msaada huo siku bajeti itakapobana zaidi?

JIBU: Ndugu yangu, jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Jibu la pili ni kwamba kaunti haiwezi kuupunguza msaada huo kwa uamuzi wake peke yake, mradi mkataba wa msaada uwe umeandikwa na kutiwa saini na pande zote kabla jaji hajatoa amri ya kuasili. Sharti hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu, kwa sababu familia nyingi hulifahamu wakati tarehe ya mahakama imekwisha kupita. Hata hivyo niruhusu nianze na barabara, kwani ukielewa fedha ya lami inatoka wapi, utajua pia ni hoja zipi usizikubali utakapokaa mezani na mfanyakazi wa kaunti.

Fedha za serikali za mitaa za Ohio hazifungwi zote kwenye pindo moja la khanga. Mfikirie mweka hazina wa kikundi anayeshika michango ya upatu, ya misiba na ya harusi: kila mchango una daftari lake, na siku atakayochota wa misiba ili kupamba harusi, wanachama watamvua wadhifa. Sheria ya Ohio inazitaka kaunti na miji ifanye hivyohivyo. Fedha inayotokana na tozo maalumu iliyopitishwa kwa kura huingizwa katika mfuko wake maalumu, na hutumika kwa jambo lile tu lililoandikwa kwenye karatasi ya kura. Tozo ya huduma za watoto hainunui kokoto, na tozo ya barabara hainunui viatu vya mtoto.

Jambo la kuuliza kwanza ni barabara hiyo ni ya nani. Kama mnaishi ndani ya mipaka ya mji, basi kwa kawaida barabara ya mtaani ni mali ya mji, ilhali huduma za watoto ziko chini ya kaunti, na hizo ni serikali mbili tofauti zenye bajeti mbili tofauti, hata kama ofisi zao zinatazamana. Mji wa Columbus, kwa mfano, hutoza kodi ya asilimia 2.5 ya mapato ya kazi, na robo ya makusanyo hayo hutengwa kwa ajili ya miradi ya maendeleo, hasa kulipia madeni ya hatifungani zilizouzwa ili barabara, mabomba na majengo ya umma yajengwe. Mabomba ya maji safi na maji taka nayo kwa kawaida hulipiwa kutokana na ankara za maji ambazo wewe na jirani yako mnazilipa kila mara zinapofika. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba hakuna hata senti moja ya kaunti katika shimo lililo mbele ya nyumba yenu.

Na hata kama barabara ingekuwa ya kaunti, fedha yake ina kufuli nzito zaidi. Mhandisi wa kaunti, ambaye huko Ohio huchaguliwa kwa kura kama wanavyochaguliwa makamishna wanaoiongoza kaunti, anategemea zaidi ada za usajili wa magari na kodi ya mafuta. Kodi ya jimbo kwa petroli imekuwa senti 38.5 kwa galoni tangu Julai 2019, na Katiba ya Ohio, katika kifungu kilichoongezwa mwaka 1947, inasema kwamba fedha inayotokana na mafuta na usajili wa magari itumike kwa shughuli za barabara peke yake. Hata makamishna wote wakikubaliana kwa kauli moja kwamba watoto wana shida kuliko madaraja, hawawezi kuigusa. Kuna jambo la kushangaza kidogo hapa: fungu la kaunti la kodi hiyo hugawanywa sawasawa kwa kaunti zote 88, hivyo kaunti yenye watu zaidi ya milioni moja na ile ya vijijini yenye watu wachache kuliko tarafa moja ya Kigoma hupata mgawo uleule.

Chanzo kingine kikubwa cha miradi ya umma ni hatifungani za jimbo. Mwaka 1987 wapiga kura wa Ohio waliruhusu jimbo likope ili kuzisaidia serikali za mitaa kutengeneza barabara, madaraja, mabomba na mitaro ya maji ya mvua. Ruhusa hiyo imehuishwa mara kadhaa tangu wakati huo, na mara ya karibuni ilikuwa Mei 2025, wapiga kura walipokubali dola bilioni 2.5 kwa kipindi cha miaka kumi. Fedha hizo hugawiwa kwa maombi ya mradi mmoja mmoja, na ombi la kusaidia familia inayoasili halina pa kuingilia humo.

Ziko sehemu mbili tu ambapo lami na watoto wanaweza kugombania sahani moja, nami sitaki kukuficha. Ya kwanza ni mfuko mkuu wa kaunti, unaojazwa zaidi na kodi ya mauzo, na ambao makamishna wana uhuru wa kuugawa. Kaunti nyingi, ingawa si zote, zina tozo maalumu ya huduma za watoto. Zile zisizo nayo hulazimika kuchota kwenye mfuko mkuu, na huko mtoto anashindana na paa la jela, mishahara ya askari na daraja la zamani. Ya pili ni ruzuku ya maendeleo ya jamii ambayo serikali ya shirikisho imekuwa ikiitoa tangu mwaka 1974 kwa miji na kaunti: inaweza kujenga njia za waenda kwa miguu na vilevile kugharamia huduma za familia, lakini huduma za aina hiyo zimewekewa kikomo cha asilimia 15. Zote mbili hazihusiani moja kwa moja na mkataba wenu. Nimezitaja ili ujue kwamba jirani yako hakulitoa neno lake hewani, ila amelielekeza pasipo pake.

Sasa tuje kwenye kodi ya nyumba, ambayo ndiyo inayowachanganya watu wengi. Katika Ohio, nyumba yenye thamani ya soko ya dola 200,000 haitozwi kodi kwa thamani hiyo yote, bali kwa asilimia 35 yake, yaani dola 70,000. Kiwango hupimwa kwa mili, na mili moja ni dola moja kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa. Kwa hiyo tozo ya huduma za watoto, ambayo ni sehemu ya kodi hiyo, ikiwa ya mili 3 humgharimu mwenye nyumba hiyo dola 210 kwa mwaka, ambazo ni dola 17.50 kwa mwezi. Siku hizi karatasi ya kura inalazimika pia kutaja gharama kwa kila dola 100,000 za thamani iliyowekwa na ofisi ya mkaguzi wa kaunti, na kwa mfano wetu ungesoma dola 105.

Tuseme sasa uthamini mpya umefanyika, nao kwa kawaida hufanywa kila baada ya miaka sita na kurekebishwa katikati ya kipindi hicho, na nyumba zote za kaunti zimepanda thamani kwa asilimia 30. Nyumba yako sasa ni ya dola 260,000, na thamani inayotozwa ni dola 91,000. Mtu angetarajia tozo ile ya mili 3 ipande hadi dola 273. Haipandi. Sheria iliyopitishwa mwaka 1976, ambayo watu wa fedha wa Ohio hadi leo huiita kwa namba ya muswada wake, 920, inakishusha kiwango hadi takribani mili 2.31, ili wewe ulipe dola 210 zilezile na kaunti ikusanye kiasi kilekile kutoka kwenye nyumba zilizokuwepo. Kwa hiyo kama kodi yako imepanda, usiilaumu tozo ya watoto kabla hujaipitia karatasi ya kodi mstari kwa mstari. Zaidi ya nusu ya kodi ya majengo na ardhi katika jimbo hilo huenda shuleni, na mara nyingi huko ndiko ongezeko linakopatikana.

Sheria hiyohiyo inayomlinda mwenye nyumba ndiyo inayoibana idara ya huduma za watoto. Tozo iliyopitishwa miaka minane iliyopita inaleta fedha karibu zilezile za miaka minane iliyopita, ilhali mishahara ya wahudumu, gharama za matibabu na ada za nyumba za kulea watoto wenye matatizo makubwa zimepanda kila mwaka. Mtoto mmoja anayewekwa katika kituo cha matibabu kwa sababu hakuna familia iliyo tayari kumpokea anaweza kumeza fedha ambazo zingetosha kwa watoto wengi wanaokaa na walezi majumbani. Hapo ndipo ninapomwelewa mfanyakazi wenu anaposema bajeti imebana: simdhanii kuwa anasema uongo. Kosa lake ni kuileta hoja hiyo kwenye meza isiyohusika nayo.

Msaada wa kuasili si fadhila ya kaunti. Ulianzishwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1980, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter, na umo katika Kifungu IV-E cha Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Nia yake ilikuwa kuondoa jambo moja la aibu: watoto walikuwa wakikaa miaka na miaka katika malezi ya kambo kwa sababu mlezi aliyewapenda alijua kwamba siku atakapowaasili, posho ya kuwatunza na bima yao ya matibabu vingekoma. Bunge la Marekani likaamua kwamba fedha imfuate mtoto hadi katika familia ya kudumu. Na fedha hiyo haina kikomo cha jumla: kila mtoto anayestahili hulipiwa, awe wa kwanza au wa elfu kumi kwa mwaka huo. Kwa kila dola inayolipwa Ohio, serikali ya shirikisho hurudisha takribani senti 64, na zinazobaki hubebwa na jimbo pamoja na kaunti. Ukipewa dola 600 kwa mwezi, kiasi cha dola 384 kinatoka Washington, nazo dola 216 zinatoka nyumbani. Ongeza hapo kwamba baada ya kuasili, kaunti haitumi tena mhudumu kila mwezi kuwatembelea watoto, wala haiendi tena mahakamani kueleza maendeleo yao. Kwa mahesabu ya kawaida kabisa, kaunti inapata nafuu mnapowaasili watoto hao.

Ili mtoto astahili, lazima aonekane kuwa na mahitaji maalumu, na maneno hayo yasikutishe. Hayamaanishi ulemavu peke yake. Umri, asili ya mtoto, hali ya afya, na kuwa miongoni mwa ndugu wanaotakiwa kukaa pamoja, vyote vinaweza kuhesabiwa, na kwa ninyi mnaowachukua kaka na dada, hiyo ya mwisho ni hoja iliyo wazi. Sheria inataka pia idara iwe imejaribu kumtafutia mtoto familia bila msaada, lakini haitaki jaribio hilo pale mtoto anapokuwa tayari amewazoea na kuwapenda walezi wake wa kambo. Zamani kulikuwa na kikwazo kingine cha ajabu: hali ya kipato ya wazazi waliomzaa mtoto ilipimwa kwa masharti ya mwaka 1996, kana kwamba bei ya mkate haijabadilika. Sheria ya mwaka 2008 ilianza kuliondoa sharti hilo hatua kwa hatua kwa kufuata umri wa mtoto, na kufikia mwaka 2024 lilikuwa limeondolewa kwa watoto wa umri wote wenye mahitaji maalumu. Mtoto ambaye kwa sababu nyingine hakidhi masharti ya shirikisho anaweza kuangaliwa chini ya ruzuku ya jimbo lenyewe, kwa hiyo msikubali kuambiwa hapana ya mdomo.

Kiwango cha kila mwezi hakitoki kwenye jedwali. Hujadiliwa kati ya wazazi na idara, kwa kutazama mahitaji ya mtoto pamoja na hali ya familia, na kina ukomo mmoja tu wa juu: kisizidi kile ambacho mtoto huyo angelipiwa kama angebaki katika malezi ya kambo. Kipato chenu hakitumiki kuwazuia, maana sheria ya shirikisho hairuhusu kipimo cha kipato kwa wanaoasili. Kwa hiyo mnapoambiwa kwamba mtapata kidogo kuliko mnachopata sasa, hakuna kosa la kisheria katika neno hilo peke yake. Lakini mna haki ya kuuliza ni mahitaji gani ya watoto yaliyopungua baina ya leo na siku ya kuasili, na jibu la “bajeti imebana” si jibu la swali hilo.

Nendeni kwenye majadiliano mkiwa na daftari. Hapa sisemi barua ya kulalamika, nasema hesabu. Chukueni mfano wa mtoto wa miaka minne anayepelekwa kwa mtaalamu wa matamshi mara mbili kwa wiki, umbali wa maili 18 kwenda na maili 18 kurudi: hizo ni maili 72 kwa wiki, karibu maili 3,750 kwa mwaka, mbali na saa ambazo mmoja wenu hakwenda kazini. Mtoto wa miaka saba anayekojoa kitandani kwa sababu ya mambo aliyoyapitia ana gharama ya mashuka, sabuni, dobi na godoro la pili. Miwani iliyovunjika mara tatu ina risiti tatu. Andikeni kila kitu kwa tarehe, ambatanisheni barua ya daktari na ya mwalimu, na kila mtoto awe na ukurasa wake, kwa kuwa mkataba huandikwa kwa mtoto mmoja mmoja na mahitaji ya kaka si ya dada. Nimekwisha kuona familia mbili zenye watoto wanaofanana kwa karibu kila kitu zikitoka na viwango vilivyopishana sana, na tofauti pekee niliyoiona ilikuwa karatasi zilizokuwa mezani.

Najua kwa wengi wetu jambo hili lina aibu ndani yake. Kwetu mtoto wa ndugu au wa jirani hulelewa bila karatasi, na anayeomba fedha kwa ajili hiyo huonekana kama anauza ukoo. Lakini posho hii haikulipi wewe kwa kumpenda mtoto. Inalipia mtaalamu wa matamshi na godoro, na kuiacha ni kumwachia mtoto gharama ambayo sheria ilikwisha kuitengea fungu. Kuwa na haya mbele ya daftari ni kosa la kwanza ninaloliona kwa familia zinazotoka Afrika Mashariki na Kongo.

Sasa nirudi kwenye saini. Mkataba wa msaada wa kuasili lazima uwe umetiwa saini na wazazi pamoja na idara kabla ya amri ya mwisho ya kuasili, ambayo huko Ohio hutolewa na mahakama ya mirathi ya kaunti. Mkiingia mahakamani asubuhi mkiwa na ahadi ya mdomo, mkapiga picha na jaji, mkala keki, kisha mkaenda kuomba mkataba mchana, mtakuwa mmeufunga mlango wenyewe. Unaweza kufunguliwa tena kwa kuomba usikilizwaji wa jimbo, yaani rufaa inayosikilizwa na jimbo, hasa ikiwa idara ilijua mahitaji ya mtoto na haikuwaeleza haki yenu, lakini ni njia ndefu yenye ushahidi mwingi. Nina mapendekezo mawili hapa: kwanza, kama kiwango hakijakubaliwa, ombeni tarehe ya mahakama isogezwe, hata ikiwa ndugu wamekwisha kukata tiketi, pili, kama kwa sasa mtoto hana hitaji linaloonekana lakini historia yake inatia shaka, kwa mfano mama yake alitumia dawa za kulevya akiwa mjamzito, ombeni mkataba wenye kiwango cha sifuri. Mkataba wa namna hiyo hauleti fedha leo, ila unaacha mlango wa kuomba fedha wazi pale hitaji litakapojitokeza.

Ukishakuwa na mkataba uliotiwa saini, swali lako la pili linapata jibu lake. Kiwango hubadilishwa kwa makubaliano ya wazazi, si kwa barua ya upande mmoja, isipokuwa pale jimbo linapobadilisha viwango vya malezi ya kambo kwa wote. Tozo ya kaunti ikianguka kwenye kura, mkataba wenu hauanguki nayo. Msaada hukoma mtoto anapofikisha miaka 18, au hadi 21 kama ana ulemavu wa mwili au wa akili unaostahili kuendelezewa, au kama wazazi hawawajibiki tena kisheria kumtunza, au kama hawamtunzi tena kwa lolote. Mkihamia Texas au Maine, msaada unawafuata. Mahitaji yakiongezeka, mnaweza kuomba mkataba ufunguliwe upya. Mkikataliwa, idara inapaswa kuwapa taarifa ya maandishi, na mnazo siku 90 za kuomba usikilizwaji wa jimbo. Itunzeni bahasha yenye tarehe, kwa sababu siku huhesabiwa.

Zipo fedha nyingine ambazo hazipitii kaunti kabisa. Kwa watoto walioasiliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2023, jimbo la Ohio hutoa ruzuku ya mara moja kwa kila mtoto: dola 10,000 kwa kawaida, dola 15,000 kama aliyeasili alikuwa mlezi wa kambo wa mtoto huyo, na dola 20,000 kama mtoto ana mahitaji maalumu. Mnapata moja tu kati ya hizo, na maombi hufanywa ndani ya mwaka mmoja baada ya amri ya mahakama. Katika kodi ya mapato ya shirikisho kuna nafuu ya kuasili ambayo kwa mwaka 2025 ilifikia dola 17,280, na kuanzia mwaka huo hadi dola 5,000 kati ya hizo hurudishwa taslimu hata kwa mtu ambaye hana kodi kubwa ya kukatwa. Kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu, nafuu hiyo hudaiwa kamili hata kama wazazi hawakutumia fedha nyingi kumwasili. Mwambieni anayewajazia fomu za kodi, na muonyesheni barua ya kaunti inayosema mtoto ana mahitaji maalumu. Bila barua hiyo wengi wao huipita sehemu hiyo ya fomu. Gharama za wakili na za mahakama nazo zinaweza kurudishwa kwa kiwango ambacho sheria ya shirikisho inaruhusu kufikia dola 2,000 kwa mtoto, ingawa jimbo linaweza kuweka kiwango cha chini ya hapo, kwa hiyo tunzeni risiti.

Kuhusu tozo yenyewe, fuatilieni inaisha mwaka gani. Tozo za huduma za watoto hupitishwa kwa miaka maalumu, isiyozidi kumi, kisha hurudi kwa wapiga kura ili zihuishwe, na mwaka 2025 kulikuwa na wananchi waliokuwa wakizunguka Ohio kukusanya saini ili katiba ya jimbo ipige marufuku kabisa kodi ya majengo na ardhi. Mkataba wenu hautaguswa na kura hizo kwa sababu niliyoieleza, lakini watoto ambao bado wanasubiri familia hutegemea wahudumu wanaolipwa na tozo hiyo, na mhudumu mwenye watoto wengi kupita kiasi ndiye anayeahirisha mafaili kama ya kwenu. Kama mmekwisha kupata uraia, andikisheni majina yenu kwenye daftari la wapiga kura.

Mwisho ni suala la lugha. Idara inayopokea fedha za shirikisho inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, kuwapa mkalimani bila malipo kama Kiingereza chenu hakitoshi kujadili mkataba. Ombeni mkalimani wa Kiswahili kwa maandishi, wiki moja kabla ya kikao, na mtaje kama ni Kiswahili cha Kongo, kwa kuwa mkalimani aliyezoea cha Nairobi au cha Pwani anaweza kuyumba kwenye maneno ya sheria. Msimtumie mtoto wenu mkubwa kutafsiri. Na rasimu ya mkataba ikiwekwa mezani, ombeni kuondoka nayo. Isomeni nyumbani pamoja na mtu anayefahamu mambo haya, kiwango cha kila mtoto kikiwa kimeandikwa kwa tarakimu na si kwa maneno ya “kama itakavyopangwa”, ndipo mrudi siku nyingine kutia saini.